Mwajiriwa Mgonjwa na Haki ya Kufanyia Kazi Nyumbani



Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wengi wetu tufanyao kazi hapa Uingereza huyaficha maradhi ya kudumu, kama selimundu, kwa kuogopa kuachishwa kazi.

Zipo njia mbili za kuomba kufanyia kazi nyumbani. Kwanza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, kila mwajiriwa aweza kuomba tokea siku yake ya kwanza kazini, na mwajiri yampasa kuamua ndani ya miezi 2; lakini aweza kukataa kwa sababu za kibiashara zilizotajwa na sheria.

Njia ya pili ina nguvu zaidi. Iwapo maradhi yanatutatiza sana katika shughuli za kila siku, nayo yamedumu au yatarajiwa kudumu miezi 12, Sheria ya Usawa ya 2010 humwajibisha mwajiri kutuondolea vikwazo kwa hatua zinazowezekana, wala mgonjwa hatozwi gharama zake.

Basi tuandike barua, tuitaje sheria hiyo, tueleze ni kikwazo gani kinachotukabili na ni kazi zipi twaziweza nyumbani, tuambatishe cheti cha daktari na tuhifadhi nakala. Anayenyamaza huhesabiwa mtoro. Anayeeleza hali yake huwa ameishika haki yake mkononi.