Ua wa Miti Ndio Shahidi

Msikilizaji, wewe uliyeacha kibanja kwenu Karagwe au Kyerwa ukaja mjini, mpaka wako unalindwa na nani? Jiwe huhamishwa usiku mmoja. Waya huibwa. Wazee wa Kagera walipanda omulamula, mti wa majani marefu ambao jina lake ni la kuamua shauri. Kipande cha shina huchomekwa ardhini mvua zinapoanza, kikaota. Akiukata mtu, kisiki kitamsema.

Kwa mkulima wa kahawa asiyetumia kemikali, ua huo una kazi zaidi. Ukiwa mnene hupunguza dawa inayopeperushwa kutoka shamba la jirani, huvunja upepo, na kwenye mteremko hushika udongo. Changanya na mushambya, mti wa maua ya njano, upate nguzo na majani ya kutandaza migombani. Mnyaa nao wafaa, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, watoto waonywe.

Lakini mti wa mpaka haupandwi kwa siri. Mwite jirani, waite na wazee, mpande pamoja. Wanaoijua mipaka ya zamani wanapungua kila mwaka. Usingoje kuwauliza msibani.