Tupime ekrani mbele ya kutoa pesa

Maneno yaliyosemwa kwa mkutano wa wanachama, Baraka

Ninyi marafiki wa mbali wenye munasoma hili gazeti na kutusaidia, maneno haya ni yenu pia. Kuna sehemu ya maneno yangu inawahusu ninyi moja kwa moja, musichoke kufika mwisho.

Kamati iliniomba niseme juu ya zile laptopu nne zenye zimefungiwa ndani ya kabati ya biro. Wote munazijua. Zinawaka, zinatoa sauti, lakini ekrani haionyeshi kitu, ao inaonyesha mistari. Fundi mmoja wa mjini aliziangalia kwa dakika chache, akasema ekrani zote nne zimekufa, kila moja dola 65. Hiyo ni dola 260. Kuna ndugu walisema basi, tutoe hizo pesa ndani ya kese. Wengine walisema hapana, tuziuze vipande vipande, tuombe wafadhili watutumie mpya.

Nawaomba musipige kura bado. Dola 260 kwa sisi si maneno ya mchezo. Munajua ni manjanja ngapi tunaweza kununua, na munajua kuna familia zenye zilirudi kutoka Nyarugusu na mpaka leo ziko chini ya bashi. Na kuhusu kuuza: mashini moja kati ya hizo nne njo yenye ilikuwa kwa meza ya sekretere. Ndani yake kuna daftari ya michango yote, na kuna picha za karatasi za watoto wetu waliosoma kambini, zile tulizipiga moja moja ili zisipotelee ndani ya mvua. Ekrani haitunzi kitu hata kimoja. Vitu vyote vinakaa ndani ya diski, na diski iko chini, mbali na ekrani. Ekrani ni dirisha tu. Dirisha likivunjika, vyombo vya nyumba viko palepale. Kwa hiyo mwenye kununua ile mashini kama vipande angeondoka na karatasi za watoto wetu ndani ya mfuko wa plastiki.

Bon. Siku ya posho tulikaa na vijana sita wa chama, tukazipima zote nne. Nataka niwaeleze tulipima namna gani, juu wengi wenu muko na mashini nyumbani, ao muko na mtoto anayetafuta maisha kwa sekretaria ya kupiga karatasi, na siku moja mtaambiwa na nyinyi: "Mama, ekrani imekufa, lete pesa."

Kitu cha kwanza ni kujua kama mashini yenyewe iko hai. Washa, kisha sikiliza. Feni inazunguka? Ukibonyeza kibonye cha herufi kubwa, kataa kake kanawaka na kuzima? Kama kanakutii, mashini inafikiri, shida iko upande wa kuonyesha. Kama hakakutii, ao kanawaka-waka peke yake, ao mashini inalia pi pi pi, usiguse ekrani kabisa. Mara nyingi ni bareti ya RAM, ile memori ndogo yenye imelegea ao imeshika vumbi. Hapa kwetu kati ya vumbi ya barabara na unyevu wa ziwa, na mashini kubebwa kwa moto kutoka Fizi mpaka hapa, hiyo inatokea sana. Toa sharjere, toa batri, shika kibonye cha kuwasha sekunde 30 ili kuran iliyobaki iishe, kisha fungua kifuniko cha chini, toa bareti, pangusa meno yake na kifutio safi cha penseli, rudisha mpaka usikie imeshika. Mashini ya pili ya kabati yetu ilikuwa na ugonjwa huo. Ekrani yake haikuwa na shida yoyote. Dola 65 zingeenda bure, na kisha kuweka ekrani mpya ingebaki nyeusi vilevile.

Sasa kama mashini iko hai na ekrani ni nyeusi, chukua tochi ya simu. Ingia mahali penye giza kidogo, mulika ekrani karibu sana, kwa upande, na uangalie vizuri. Ukiona picha kwa mbali, sawa vile kivuli, alama ndogo-ndogo, maandishi, ujue ekrani inafanya kazi yake. Kilichokufa ni taa ya nyuma. Ekrani ya laptopu nyingi haitoi mwangaza yenyewe: iko kama karatasi yenye picha, na nyuma yake kuna taa inayomulika. Taa ikizima, picha iko, lakini macho hayaioni. Kwa mashini za zamani, zile za mbele ya 2010 hivi, taa ni kijiti chembamba kama neon, na kuna kipande kidogo chini ya ekrani chenye kinapandisha kuran juu sana ili kiwake. Hapo vijana, vidole mbali! Ile kuran inaweza kukurusha. Kwa mashini za karibuni taa ni LED, na mara nyingi kilichoungua ni fyuzi ndogo kama punje ya mchanga kwenye kadi mama. Lakini mbele ya yote hayo, bonyeza kibonye cha kuongeza mwangaza. Musicheke. Kuna mtoto alibonyeza kile cha kupunguza mpaka mwisho, na baba yake akaizungusha mashini kwa mafundi wiki nzima.

Jaribio lingine ni kuunganisha mashini na ekrani ingine: televizyo yenye tundu la HDMI, ao projekteri kama ile ya parokia. Mashini nyingi zinaonyesha zenyewe; zingine mpaka ushike kibonye cha Windows pamoja na herufi P, ukibadilisha taratibu. Picha ikitoka safi kule inje, kadi ya picha ni nzima, na shida iko kati ya kadi mama na kioo. Picha ikitoka na mistari ileile hata kule inje, usinunue ekrani, ugonjwa uko ndani zaidi, na kwa mashini ya bei yetu mara nyingi hiyo haifai kutibiwa. Toa diski, okoa vitu vyako, basi.

Na kama huna televizyo? Kama ekrani inaonyesha lakini na mistari, piga picha ya ekrani kwa kutumia mashini yenyewe, kibonye cha Impr écran, uitie ndani ya fleshi ao uitume kwa simu. Iangalie kwa simu. Mistari ikiwa haimo ndani ya ile picha, mara nyingi ni ekrani ao waya wake. Ikiwa imo, ni ndani. Hiyo haigharimu hata franka moja. Wenye mashini za Dell muko na bahati zaidi: zima, shika herufi D, kisha washa bila kuiachilia D. Ekrani itapita rangi moja moja, nyekundu, kijani, bluu, nyeupe. Rangi zikipita safi, kioo ni kizima.

Sasa nifike kwa nape, na hapa nitakawia, juu ndipo pesa nyingi za watu zinapotea. Nape ni ule waya mwembamba unaotoka kwa kadi mama, unapita ndani ya bawaba za kifuniko, unapanda mpaka nyuma ya kioo. Kila ukifungua na kufunga mashini, nape inakunjwa. Miaka mitatu, mine, inachoka. Ao fishi yake inalegea tu kwa kutikisika njiani. Alama yake ni hii: ekrani inawaka ukiisimamisha, inazima ukiilaza, ao inageuka rangi ukisogeza kifuniko. Kwa hiyo wakati wa kupima, sogeza kifuniko polepole kutoka mbele kwenda nyuma, jicho kwa ekrani. Ikibadilika kwa kusogeza, usikubali mtu akuuzie kioo. Kumbe mashini ya sekretere, ile yenye daftari na karatasi za watoto, ilikuwa na hiyo tu. Fishi ilikuwa imetoka nusu. Tuliirudisha, tukabandika skochi mpya juu yake, na daftari yote ikaonekana. Mama mweka hesabu alikuwa amesimama mlangoni. Alisoma kwanza jina la marehemu mume wake kwa orodha ya waanzilishi, halafu njo akauliza hesabu ya mwezi.

Namna ya kufungua. Kwanza kuran: toa sharjere, toa batri. Kama batri iko ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe fishi yake mbele ya kugusa kitu kingine. Kuchomoa nape wakati kuran ingali humo njo namna ya kuunguza ile fyuzi niliyosema, na hapo fundi amegeuza shida ya bure kuwa shida ya kadi mama. Kisha fremu ya plastiki inayozunguka kioo: tafuta visi vilivyofichwa chini ya vibandiko vidogo, vitoe na bisibisi (ninyi muliobaki huku munaita turnavisi, ni kitu kimoja), halafu ingiza kadi ya plastiki ya zamani katikati na ufungue ukizunguka. Kadi ya zamani, nasema, si kadi ya electeur! Ile njo kitambulisho chetu, na munajua foleni yake. Laza kioo kifudifudi juu ya kitambaa kilichowekwa kwenye vibonye, bandua skochi, inua kachuma ka fishi, vuta polepole sawasawa. Hakuna nguvu. Ukitumia nguvu, umekosea mahali.

Mashini ya tatu ni ya zamani, taa yake ya nyuma imekufa, na kuitafutia taa ni kujichosha. Nashauri tuiunge na ile televizyo ya biro na iwe mashini ya mezani ya kuandikia barua. Ya ine kioo chake kimepasuka, kuna madoa meusi kama wino uliomwagika yanayoenea. Hiyo haina dawa ingine, ni kioo kipya. Kalamu ilisahauliwa juu ya vibonye, mtu akafunga. Vilevile mstari mmoja mwembamba wa wima, wenye rangi moja, wenye hauondoki hata ukisogeza kifuniko: hauponi kwa mikono yetu, lakini unaweza kufanya kazi nao miaka. Usitoe pesa juu ya mstari.

Kwa kununua kioo, musimwambie muuzaji "mashini ya HP". Haitoshi. Geuza kioo cha zamani, nyuma kuna kibandiko chenye namba ndefu ya kiwanda; ipige picha na simu. Inatakiwa ukubwa uwe ule ule, kwa mfano 15.6, udogo wa picha uwe ule ule, 1366 kwa 768 ao 1920 kwa 1080, na fishi iwe ile ile. Vioo vya zamani mara nyingi viko na pini 40, vya karibuni 30, na haviachiani nafasi. Na mashimo ya visi yawe mahali pamoja. Mbele ya kulipa, omba kioo kiwashwe machoni pako, bila kufunga fremu. Muuzaji akikataa, rudisha pesa mfukoni. Kwa kusafisha, kitambaa laini na maji kidogo tu, na mashini ikiwa imezimwa. Si esansi, si omo.

Jambo moja dogo nilisahau: sumaku. Ndani ya kifuniko cha mashini nyingi kuna sumaku ndogo inayoiambia "nimefungwa, lala". Ukiwa na bangili ya sumaku mkononi, ao simu yenye mfuko wa sumaku iko karibu na vibonye, ekrani inazima ghafla na utafikiri imeungua. Sogeza mkono.

Sasa ninyi marafiki wa mbali. Mashini munazotutumia zinatusaidia kweli, sisemi kwa heshima tu. Lakini mashini tano bila sharjere zake ni mzigo: kila moja inataka volti zake na tundu lake, na hapa tunatafuta miezi. Mukituma, andikeni namba ya modeli kwa karatasi, tieni sharjere ndani, na wekeni katoni gumu kati ya kifuniko na kifuniko, kwa sababu sanduku linapakuliwa mara nyingi mbele ya kutufikia. Na kama munataka kutuma kitu kidogo chenye faida kubwa: bisibisi ndogo za laptopu, nape, na waya mmoja wa HDMI. Vinaingia ndani ya bahasha.

Kwa kamati, ombi langu ni hili: kese itoe dola 65 kwa kioo kimoja, cha mashini ya ine, si zaidi. Dola 195 zinazobaki zirudi kwa hesabu ya manjanja kama zilivyokuwa. Na daftari ya michango inakiliwe kwa fleshi mbili wiki hii, moja ikae kwa rais wa chama, moja kwa mama mweka hesabu, si zote mbili ndani ya biro.

Vijana sita wenye walipima na mimi watakaa hapa kila siku ya posho kuanzia saa tatu, televizyo iko, sola inatosha mpaka saa nane. Wanachama hawalipi kwa kupimiwa. Atakayekuja, alete mashini na sharjere yake, na asiwe ameshaifungua nyumbani na kisu.