Kapoti ikipasuka, saa zinaanza kuhesabiwa

Maneno yaliyotolewa mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wao, Kivu ya Kaskazini

Leo hatukuja kugawa kitu. Tumekuja na neno ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: kapoti imepasuka, ama imevuka na kubaki ndani. Wengine huiita mpira, wengine kondomu. Ni kitu kile kile.

Mtauliza, watu wa amani wanatafuta nini katika mambo ya kitandani? Jibu ni kwamba mambo hayo huishia mbele yetu. Msichana anamwambia shangazi yake, shangazi analia, kaka zake wanatafuta fimbo. Kama huyu ni mwenyeji na yule ni mhamiaji, maneno yanageuka haraka kuwa ya kabila. Kiongozi wa bloku anaitwa, naye kwa nia njema anapanga kikao siku ya Jumanne. Shida iko kwenye Jumanne hiyo.

Tuhesabu pamoja. Kapoti imepasuka Ijumaa saa tatu usiku. Dawa za kuzuia virusi vya SIDA zisichukue makao mwilini zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Saa hizo zinaisha Jumatatu saa tatu usiku. Wazee watakapoketi Jumanne, mlango umeshafungwa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinangoja kidogo zaidi, mpaka saa 120, yaani Jumatano usiku, lakini navyo vinapenda mtu anayewahi. Kwa hiyo tunawaomba viongozi: kwanza kituo cha afya, kikao baadaye. Ugomvi unaweza kungoja wiki nzima bila kuharibika.

Sasa tuwatulize mioyo. Kapoti kupasuka si hukumu. Hata kama mwenzako ana virusi, mara nyingi tendo moja haliviambukizi, ingawa hatari hupanda kama kuna kidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa. Na mtu anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, huyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Ndiyo maana muuguzi atauliza maswali kabla ya kutoa dawa. Si uchunguzi wa polisi. Akiona zinafaa, zitamezwa siku 28 bila kuruka. Zinaweza kuleta kichefuchefu siku za kwanza. Mkilazimika kukimbia tena, dawa iingie kwenye mfuko wa kwanza, pamoja na karata za uchaguzi.

Kipimo cha kesho yake hakisemi lolote juu ya usiku wa jana. Kinaonyesha mlivyokuwa kabla. Mtu arudi kupimwa baada ya wiki sita hivi na tena baada ya miezi mitatu, na katika muda huo watumie kapoti. Akiona usaha, kidonda au maumivu wakati wa kukojoa, arudi mapema: kaswende na kisonono vinatibika, na mwenzake pia atibiwe. Kuhusu vidonge vya dharura, tumesikia hapa kwamba vinatoa mimba. Hapana. Vinachelewesha yai lisitoke; mimba iliyokwisha kushika haviiharibu. Akitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, amwone muuguzi apewe tena.

Akina mama, tafadhali, tusijioshe ndani kwa sabuni, limau wala maji ya chumvi. Vinachubua ngozi ya ndani, na ngozi iliyochubuka ndiyo njia ya virusi. Kuosha nje kwa maji kunatosha.

Kapoti nyingi hupasuka kwa sababu tunazijua: imekaa miezi mfukoni au chini ya turubai penye joto, imefunguliwa kwa meno, imepakwa mawese au vazelini, ambavyo hudhoofisha mpira wake. Wengine huvaa mbili kwa pamoja wakidhani ni ngome. Zinasuguana.

Jambo moja la uchungu. Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa 2025, vituo vingi vya huku vilikosa dawa hizo za saa 72. Mtu hawezi kuzunguka vituo vitatu kwa pikipiki huku saa zinakwisha. Kila kiongozi aulize mapema, wiki hii: dawa ziko wapi, na nani atachangia nauli?

Na tusichanganye mambo. Haya tumeyasema kwa watu wawili waliokubaliana. Aliyelazimishwa naye aende kituoni ndani ya saa zile zile, lakini hiyo si kesi ya kumaliza kwa mbuzi. Sheria ya 20 Julai 2006 inaita hiyo jinai, na mtoto wa chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa alikubali.

Mtu akikuletea siri hii, kiongozi, ibaki kwako na kwa muuguzi. Jina likifika sokoni, anayefuata hatakuja.

Sasa tunawapa nafasi akina mama wa mstari wa tatu. Waliinua mkono tangu tulipotaja vidonge.