Kwenda Pwani Pamoja na Watoto

Habari nitakazowaeleza leo ni za safari ya kwenda kuoga baharini, nazo zawahusu hasa ninyi mkaao bara kama mimi. Kwetu Mkiwa, pale njia ya Itigi inapoachana na barabara kuu ya Dodoma na Singida, maji tuyajuayo ni ya kisima, na ya madimbwi wakati wa mvua. Maji hayo hukaa mahali pake. Mtu akiacha ndoo yake ukingoni asubuhi, ataikuta pale pale jioni. Kwa hiyo tukifika pwani twaitazama bahari kwa macho ya mtu wa kisimani, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Safari yenyewe siku hizi si taabu. Basi hupita Manyoni na Bahi mpaka Dodoma, na toka Dodoma, tangu mwaka 2024, treni ya umeme huwafikisha abiria Dar es Salaam kwa muda wa saa nne hivi. Mimi nami niliwachukua wanangu wakati wa likizo, pamoja na mama yao.

Siku ya kwanza tulikwenda mahali pasipo mwangalizi wala bango. Mwezi ulikuwa umetimia usiku wa kuamkia jana yake. Tulipofika, saa tano kasorobo, tulikuta maji yamekimbilia mbali, na mchanga mweupe umelala wazi kama uwanja wa mpira. Watoto wawili wakaenda kuokota makome juu ya fungu la mchanga. Nikaketi kivulini kusoma gazeti. Nakiri ya kuwa kosa lile lilikuwa langu. Ilipopata saa saba niliinua macho, nikawaona wangali juu ya mchanga mkavu wakicheza, nikaridhika. Mara mama mmoja aliyekuwa akichokoa kombe akapiga kelele, “Baba, watoto wako wamezingirwa!” Nilipotazama vema niliona kati yao na sisi pana mfereji wa maji yaendayo mbio, ambao asubuhi tuliuvuka bila kulowesha ndala. Mimi sikujua kuogelea, mama yao hakujua, wala watoto hawakujua. Mvuvi mmoja akawachukua kwa ngalawa yake, akawaleta salama. Akaniambia bila hasira, “Maji yakijaa, bwana, hayaanzi kwa kukupiga usoni. Hupita kwanza mabondeni, nyuma yako.”

Sikupata usingizi usiku ule. Asubuhi nilirudi kumtafuta yule mvuvi ili anifundishe.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kitu, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua pale Dar es Salaam maji huweza kupanda zaidi ya mita 3, yaani kupita kimo cha mlango wa nyumba. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana. Tena siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hupwa karibu na saa nne asubuhi, na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Tazameni, basi, jinsi mgeni anavyonaswa: afika asubuhi wakati pwani ni pana na tulivu, na saa ile watoto wamekwisha kwenda mbali ndipo maji yanaporudi.

Safari ya pili tulikwenda kisiwa cha Mbudya, kaskazini ya mji, kilicho mojawapo ya maeneo tengefu ya bahari yaliyowekwa na Serikali mwaka 1975. Huko mambo yana utaratibu. Mashua huondoka upande wa Kunduchi. Mgeni hulipa nauli na ada ya hifadhi. Ufukoni mna vibanda vya makuti vya kukodi, na samaki wa kukaanga, na mibuyu mikubwa ambayo wanangu waliistaajabia kuliko bahari, kwa kuwa walidhani mibuyu ni ya kwetu tu. Kabla ya kupanda mashua niliuliza jaketi okozi za watoto, nikazifunga mimi mwenyewe. Nahodha alicheka kidogo. Na acheke.

Lakini nisiwadanganye. Kibanda na samaki ni huduma ya tumbo. Nchi za Bahari ya Mediterania, ambako mamilioni ya watu huenda kuoga kila mwaka, zimejifunza kuuliza kwanza habari za mlinzi. Ufaransa, mwaka 1985, ilianzisha Bendera ya Buluu, nishani ya pwani zilizo safi na zenye usalama. Na katika pwani nyingi za dunia, penye bendera mbili za rangi nyekundu na njano, watu huoga kati yake, maana mwokoaji anatazama hapo. Bendera nyekundu tupu yakataza kuingia. Hata hivyo bahari yao, sehemu nyingi, haipandi hata mita moja. Yetu yapanda mara tatu ya hiyo, na walinzi wetu ni wachache. Kwa hiyo mzazi sharti awe mlinzi yeye mwenyewe, na mtoto asiyejua kuogelea awe karibu naye kiasi cha kumshika kwa mkono. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, hunyamaza. Ukimwona, usijitupe majini nawe hujui kuogelea: ita watu, umrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Zaidi ya hayo ni kujifunza kuogelea. Nungwi, kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje ulianza mwaka 2011, na wasichana wakafunzwa kuogelea wamevaa nguo za kusitiri mwili wote, hata wazazi wakaridhika. Watu waliozaliwa hatua chache toka majini wameona haja ya kufundishwa. Sembuse sisi wa Mkiwa?

Mimi nina umri wa miaka 40, nami nimeanza. Kule Mbudya, maji yakiwa kifuani, binti yangu alinishika kichwa nisizame nikajifunza kuelea chali, na watu waliokuwa vibandani walitutazama sana. Saa tisa tukapanda mashua kurudi. Kwaherini.