Kijana Asiye na Baba

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Ushirombo)



Sisi makarani twaijua sana ile safu ya fomu iliyoandikwa "Jina la Baba". Twaiuliza kila siku bila kufikiri. Lakini wako vijana ambao, wafikapo hapo, huinama na kujibu, "Andika la babu." Habari zao ndizo tutakazo kuzisema leo.

Jambo hili si geni. Zamani Wasumbwa na Wanyamwezi walikwenda pwani kwa upagazi, na baadaye wengine wakawa manamba katika mashamba ya mkonge. Dhahabu ya Geita ilipoanza kuchimbwa, katika miaka ya 1930, wanaume waliifuata, na hata leo waifuata. Wengine hurudi, wengine hawarudi.

Lakini wazee walikuwa na dawa. Kwa mila za Wasukuma na Wanyamwezi, mahari ndiyo iliyomtia mtoto katika ukoo wa baba. Isipotolewa, alikuwa wa ukoo wa mama. Basi hakukosa mzee wa kumsemea. Leo, huko machimboni, mama naye mara nyingi yu mbali na ndugu zake, na mtoto hukosa pande zote mbili.

Hasara huonekana akikua. Mvulana atakaye kuoa hana wa kumpeleka ukweni, msichana akiposwa, hakuna wa kumwuliza mchumba, "Watoka kwa nani?" Wala cheo hakimalizi swali hilo. Baba yake Barack Obama, mtu wa Kenya, alimwacha angali mchanga, akaja kumwona tena mara moja tu, mwaka 1971. Hata hivyo mwaka 1995, kabla hajawa Rais wa Marekani, mwana alitoa kitabu kizima cha kumtafuta baba huyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake, na yamlazimu mzazi kumtunza. Lakini sheria haimsindikizi mtu ukweni.

Ndugu, tusiwalaumu wachimbaji peke yao. Miongoni mwetu wapo waliohamishwa kituo wakaacha mtoto nyuma, kama aachavyo mtu vyombo vibovu. Yatupasa tumwandikie mtoto huyo, tumpelekee ada, twende tukamwone. Na mtoto wa jirani asiye na baba, siku ya posa yake, tusingoje kuombwa. Tuvae kanzu twende naye.