Tusome nini wakati wa mvua?

Mazungumzo mbele ya vijana wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, mjini Kindu



Asante kwa kuja, zaidi sana ninyi wenye mumevuka Lualaba kwa mtumbwi na mbingu imefunga vile.

Septemba imefika. Wanafunzi wanarudi ku masomo, mvua inarudi, matope nayo haikusahau njia. Huko Ufaransa, majira haya ndiyo wachapishaji wanatoa mamia ya riwaya kwa mara moja, na magazeti yanawaambia watu wasome nini mpaka mwisho wa mwaka. Sisi hapa Kindu hatuna maduka ya vitabu ya namna ile. Lakini tuko na mvua, na mvua inamfunga mtu ndani ya nyumba masaa mengi. Masaa yale ni yetu. Tunaweza kuyamaliza kwa kupandisha na kushusha kidole ku simu, ao tunaweza kuyapangia kazi.

Leo tunaomba kila mmoja wetu aandike orodha yake ya kusoma, kutoka sasa mpaka Desemba. Orodha fupi. Mtu akiandika vitabu 20, ameandika ndoto. Akiandika vitatu ao vinne, ameandika mpango. Mbele ya kuandika jina la kitabu, tujiulize: naweza kukipata kweli, ku simu ao ku fotokopi? Nitakimaliza tarehe gani? Na nikikimaliza, nitaweza kufanya nini chenye leo siwezi?

Swali lile la mwisho ndilo linatuuma. Munajua namna inavyokuwa. Tunatangaza maandamano ya amani juu ya maji ao umeme, mtu wa ofisi anatuambia: «Ruhusa iko wapi?» Nasi tunaanza kupiga kelele, ao tunarudi nyumbani. Ni wachache wenye wanaweza kumjibu kwa utulivu kwamba kifungu cha 26 cha Katiba hakisemi kuomba ruhusa. Kinasema wenye kupanga maandamano wamjulishe kiongozi anayehusika kwa maandishi. Kujulisha na kuomba ruhusa ni vitu viwili. Tofauti ile inaweza kulaza kijana ku cachot ao kumrudisha nyumbani kwa mama yake. Na iko ndani ya maandishi yenye kila mtu anaweza kuyafungua.

Kwa hiyo ya kwanza ku orodha ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, pamoja na marekebisho ya 2011. Iko na vifungu 229. Vinatisha? Tupige hesabu. Ukisoma vifungu 3 kwa siku, unavimaliza kwa siku 77. Ukianza tarehe 15 Septemba, unafika ku kifungu cha 229 tarehe 30 Novemba. Vifungu vitatu havizidi urefu wa ujumbe wenye tunatumiana kila asubuhi.

Mutakutana na nini njiani? Kifungu cha 18: mtu akikamatwa anapaswa kuambiwa mara moja sababu, kwa luga yenye anaelewa, na hawawezi kumshika zaidi ya masaa 48 bila kumwachilia ao kumpeleka mbele ya sheria. Kifungu cha 27: kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kumwandikia kiongozi barua ya madai. Kifungu cha 43: masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure ku shule za serikali. Kifungu cha 48: haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Wale wenye wanasoma usiku kwa tochi ya simu, musome kile kifungu cha 48 polepole.

Ya pili ni kipande kidogo cha Sheria ya madini, ile iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Hatusemi musome yote, ni ndefu na ni ngumu. Tafuteni kifungu cha 242. Kinasema juu ya feza yenye kampuni yenye ruhusa ya kuchimba inalipa kwa ajili ya madini inayoyatoa. Katika kila franga 100, 50 ni za serikali ya Kinshasa, 25 za jimbo, 15 za sekta, usultani ao komini penye kazi inafanyika, na 10 zinawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Sisi ni watoto wa Maniema. Kuko wenzetu hapa wenye wazazi wao walizeeka ku kasiterite ya Kalima na Punia. Wengine wanatoka upande wa Kabambare, wanajua dhahabu ya Namoya. Tumezoea kusema: «Viongozi wamekula.» Maneno yale hayamtishi mtu. Lakini kijana akisimama na kuuliza: «Zile 15 kwa 100 za sekta yetu, mwaka uliopita zilikuwa ngapi, na zilijenga nini?», pale kiongozi anatafuta kalamu. Swali lenye namba linahitaji jibu lenye namba.

Ya tatu ni historia yetu, na hapa kuko jambo lenye wengi hawajui. Moja ya maandishi ya zamani yenye kuelezea Maniema yaliandikwa kwa Kiswahili. Ni maisha ya Hamed bin Muhammed, yule tunamwita Tippu Tip, yenye alijiandikia mwenyewe. Yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, naye alikufa Zanzibar mwaka 1905. Mule mutasoma Kasongo, Nyangwe, pembe za tembo, bunduki, misafara. Ni luga yetu, ila sauti ni ya tajiri na bwana wa vita. Anahesabu pembe zake. Wale wenye walizibeba hawapati nafasi ya kusema.

Ndiyo sababu tusome kitabu kile pamoja na kingine. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, juu ya Lualaba hii hii, upande wa Kasongo. Tarehe 15 Julai aliona watu wenye bunduki wakipiga risasi katikati ya soko, siku ya soko, na wengi wa waliokuwa mule walikuwa wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine mu maji walipokuwa wanakimbia. Aliyaandika palepale. Na munajua aliandika juu ya nini? Karatasi zilikuwa zimemwishia. Alichukua gazeti la zamani, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mmea wa hapa. Wino ule ulififia mpaka maandishi hayakusomeka tena. Mwaka 2011 watafiti walitumia picha za mwangaza wa namna mbalimbali, wakayatoa tena, na leo yako bure ku intaneti, kwa Kiingereza.

Hatumsifu Livingstone zaidi ya wamama wa Nyangwe. Tunasema tu kwamba soko lile linajulikana duniani kwa sababu kuko mtu aliandika siku ileile. Tujiulize ni mambo mangapi ya Maniema, ya miaka ya vita yenye wazazi wetu waliona kwa macho yao, hayajapata hata gazeti la zamani la kuandikiwa.

Ya nne ni kitabu kimoja cha hadithi, ili roho ipumue. Tunapendekeza Kusadikika cha Shaaban Robert wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1951. Ni kifupi. Ni inchi iliyo hewani, na kijana mmoja, jina lake Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ya kueneza elimu ya sheria. Hatutawaambia mwisho. Tunasema tu kwamba kijana wa Kindu akisoma kesi ile, hataona kama ni mbali. Kiswahili chake ni cha pwani, kuko maneno yatakayowashinda. Yaandikeni pembeni, tutayaulizana.

Nafasi ya tano tunaiacha wazi. Mwenye anapenda mupira, asome juu ya mupira. Mwenye anapenda mashairi, mapishi, kilimo, kompyuta, aweke chake. Orodha yenye haina hata kitu kimoja cha furaha haifiki Oktoba.

Sasa, namna gani tutafanya? Mega ni bei, na simu inazima. Basi mmoja akipakua, awapitishie wengine kwa Bluetooth, haimalizi mega. Wenye wako na feza kidogo wachange, tutoe fotokopi ya vile vifungu, nakala moja kwa kila mtaa. Tukutane mara moja kwa juma, watu watano ao sita, ku nyumba yenye bati haivuji. Mmoja anasoma kwa sauti kwa Kifaransa, mwingine anaeleza kwa Kiswahili chetu cha hapa. Mwenye hakumaliza shule asiogope kuja. Mara nyingi yeye ndiye anauliza swali lenye wa université hakuliwaza.

Tunasema Kiswahili kwa makusudi. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaiagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya luga nne za taifa, ndani ya siku 60 kutoka siku Rais anapoitia sahihi. Kiswahili ni moja ya zile nne. Tuulizane hapa: nani kati yetu ameona Sheria ya madini kwa Kiswahili ku komini yake? Mama mwenye anauza samaki ku soko atajuaje haki yake kama imefungwa ndani ya luga yenye hakusoma?

Hapo ndipo kusoma kwetu kutazaa kazi. Kila kikundi, kila juma, kichague kifungu kimoja na kukiandika upya kwa Kiswahili chenye mama yule anaelewa, mistari mitatu ao minne. Tutavitumiana, hata kwa sauti, ili vifike ku soko na ku parking ya motari. Na mwanzoni mwa Desemba, tukiwa tumemaliza Katiba, tutumie kile kifungu cha 27: tuandike barua moja, yenye majina yetu wote, tukidai sheria zisambazwe kwa Kiswahili katika Maniema. Tutaandika namba ya kila kifungu. Hawatasema kwamba tulitumwa na mtu, kwa sababu wakituuliza, kila mmoja ataeleza kwa mdomo wake.

Kumbukeni wale watumishi wa nyumba za Wazungu kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1965, mmoja wao, André Yav, aliandika kwa niaba yao historia ya muji ule, kwa Kiswahili cha Kongo, kile cha kila siku. Wapishi na maboi hawakungoja profesa awaandikie. Miaka 25 nyuma yake, maprofesa ndio walikuja kuchapisha kitabu kizima juu ya kurasa zao.

Basi, makamarade, usiku wa leo, mbele ya kulala, kila mmoja aandike orodha yake juu ya karatasi, na tarehe pembeni ya kila jina. Abandike ku ukuta, mahali mvua haifiki. Tarehe 15 tunaanza na kifungu cha kwanza.