Kadi Inayojipanua Yenyewe

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno KADI.

Leo nitasema habari ya kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi. Ilitoka Uingereza, ikaanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Yaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Hula umeme kidogo, kwa hiyo yafaa mahali penye umeme wa jua. Katika wilaya ya Karatu, shirika la Powering Potential limezipeleka katika shule za sekondari. Darasa la watu wazima nalo laweza kuitumia kuwekea vitabu na masomo yake.

Masomo hayo kwa kawaida hukaa katika kadi ndogo kama ukucha. Ndani ya kadi mna sehemu mbili. Ya kwanza ni ndogo, ni ya kuamshia mashine. Ya pili ndiyo yenye programu na masomo.

Sasa fikirini shamba. Umepata ekari 32, lakini fundi amekupimia ekari 4 tu. Nyingine zote ni pori. Ndivyo ilivyo kadi ya gigabaiti 32 ikiandikwa programu ya gigabaiti 4. Mashine ikiwashwa mara ya kwanza, husogeza mpaka yenyewe hadi mwisho wa kadi. Ni msaada mzuri, lakini una shida zake.

Kazi hiyo ina hatua mbili. Kwanza mpaka husogezwa. Kisha mashine hujizima, hujiwasha, halafu huitengeneza nafasi mpya ipate kuandikwa. Hapo ndipo penye hatari. Mtu huona kioo cheusi, akasema, "Imeharibika," akang'oa waya! Au betri ya jua imekwisha. Pengine mpaka umesogea lakini nafasi bado ni ile ya zamani. Hiyo si mbaya sana, fundi aweza kuiamuru mashine imalize kazi. Lakini pengine maandishi hukatika katikati, mashine haiamki tena, na darasa limekosa masomo yote. Basi iwasheni mara ya kwanza mchana, betri ikiwa imejaa, wala mtu asiguse waya.

Shida ya pili ni jirani. Shamba hukua upande wenye pori tu. Kama mtu ameongeza sehemu ya tatu nyuma ya ile ya pili, mashine hukuta ua wa minyaa, nayo huacha kazi. Haivunji ua, na mimi naona inafanya vyema, maana nyuma ya ua mna mali ya mtu. Sehemu ya kuongeza ingojee hadi ya pili ipanuliwe kwa kipimo mnachotaka.

Tena kuna kadi za uongo sokoni. Imeandikwa 64, kumbe ndani ni 8. Mashine huamini maandishi, husogeza mpaka hadi mahali pasipo na ardhi, na masomo yanayoandikwa huko hupotea. Huonekana nzima siku za kwanza, ndiyo maana watu wengi hudanganyika. Fundi aijaze kwanza yote, kisha asome tena kama vitu vyote vipo.

Neno moja la nakala. Kadi ikiisha kupanuka, nakala yake nzima hutaka kadi isiyopungua ukubwa huo. Na kadi mbili zilizoandikwa 32 huweza kupishana kidogo! Kwa hiyo nakala ya kwanza itolewe kabla mashine haijawashwa, ingali ndogo, ikawekwe mbali na mashine.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: kadi, mpaka, sehemu, betri, nakala. Kisha kila mmoja atunge sentensi moja yenye neno "nakala", amsomee mwenzake. Kwa herini.